Mkono Begani

Katika maktaba ya chuo nilichosoma kuna kamusi nene ya watu mashuhuri, ya Kiingereza, yenye jalada jekundu lililochakaa pembeni. Siku ya kwanza nilipoachwa nayo peke yangu sikutafuta mwanafalsafa wala mvumbuzi. Nilitafuta jina langu, na nikalikuta. Kulikuwa na jemadari aliyezama na meli yake, maaskofu wawili, mcheza kriketi, mtu aliyebuni aina ya bomba la maji, na gavana wa kisiwa ambacho sijawahi kukutana na mtu aliyetoka huko. Karibu na mwisho kulikuwa na mistari mitatu: kasisi wa Kianglikana, alihudumu miaka mingi Afrika Mashariki, aliandika juu ya ndege wa maziwa ya Bonde la Ufa.

Huyo wa mwisho ndiye aliyenibatiza. Mimi simo. Nimekagua kila toleo jipya tangu siku ile, kwa kisingizio cha utafiti.

Jina lenyewe silitaji. Waliolibeba kwa heshima hawajanipa ruhusa, na waliolibeba kama nilivyolibeba mimi wana sababu ya kunyamaza. Lilikuwa jina la ukoo la Mzungu, sisi tukaligeuza kuwa la ubatizo. Kwetu, upande wa magharibi, mtu akipewa jina lako wewe na yeye mmekuwa kitu kimoja. Mnaitana wajina. Akija kwako haondoki mikono mitupu. Na watu wa nyumbani humwita mtoto kwa cheo cha mwenye jina, wasije wakamtukana mkubwa wakati wanamfokea mdogo. Kwa hiyo tangu siku ambazo sikuwa na suruali niliitwa Padri.

"Padri, leta maji."

"Padri, toka kwenye hayo matope."

Jirani yetu, mama mmoja aliyepika mandazi na kuyauza kwa watu wa karakana, alipenda kuuliza kwa sauti ya kufika ng'ambo ya pili ya nyumba, "Padri leo amehubiri, ama amekojoa kitanda tena?"

Tulikaa katika landi za reli pale Nakuru, chumba kimoja kwa kila mfanyakazi, awe na mke na watoto au awe na sanduku tu. Baba alikuwa mfagiaji wa chumba cha kusubiria cha daraja la kwanza. Walowezi wa Molo na Elburgon waliketi humo wakingoja gari la moshi, wakalalamikia bei ya viazi na uvivu wetu, kisha wakaondoka na kuacha magazeti. Baba aliyaokota. Alijua kusoma Biblia ya Kiswahili, polepole, kidole kikitangulia, lakini Kiingereza hakukijua. Alichokijua ni sura ya jina letu. Angeweza kulitambua katikati ya ukurasa mzima wa herufi ndogo, kama mchungaji anavyomtambua mbuzi wake sokoni.

Kila alipoliona pamoja na picha, aliikata na kuibandika ukutani kwa gundi ya unga wa ngano na maji ya moto. Ndivyo ukuta wetu ulivyojaa. Padri mwenyewe alikuwa katikati, picha ya siku alipofungua kanisa fulani. Kulia kwake askofu, kushoto jemadari juu ya farasi, juu mcheza kriketi, chini mwenye kiwanda cha mbao cha Elburgon. Mende waliipenda ile gundi. Walianza na uso wa askofu, na ilipofika Pasaka alikuwa amebaki kofia na fimbo.

Chini kabisa, karibu na jiko, alikuwapo fahali. Mkulima mmoja wa Molo alikuwa amempa fahali wake jina letu, na fahali akapata utepe kwenye maonyesho. Baba alikaa na picha ile siku mbili kabla ya kuamua.

"Ng'ombe ni mnyama ya heshima," alisema mwishowe. "Lakini asikae karibu na askofu."

Msomaji atacheka, na mimi nilicheka, kimoyomoyo, kwa sababu nilikuwa katika darasa la nane na nilijiona nimeshapita umri wa kuamini mambo hayo. Baba hakutaka kujua watu wale walikuwa na siasa gani wala walikunywa nini. Aliamini kwamba jina ni kama reli: ukishawekwa juu yake, waliotangulia wanakuvuta. Kazi yangu ilikuwa kumsomea maandishi ya chini ya picha. "Huyu amefanya nini?" aliuliza kila mara, na nilipomweleza alitikisa kichwa kwa ukarimu, kama mwenye nyumba anayepokea mgeni.

Kanisani baba alikuwa mzee wa kanisa, na kazi yake, ambayo ninaamini aliipenda kuliko mshahara, ilikuwa kuwaita watu kwenye Meza ya Bwana. Ulipofika wakati wa ushirika mtakatifu alitembea kutoka benchi hadi benchi, akaweka mkono kwenye bega la aliyeketi mwanzo wa benchi, na benchi zima likainuka likaenda mbele. Hakusema neno. Mkono tu. Siku sita alifagia majivu ya sigara za watu ambao hawakumwona, na siku ya saba hakuna aliyeinuka bila kuguswa naye.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka waliokula kiapo cha kuipinga. Kutoka landi tuliona mabehewa yakijazwa familia za Wakikuyu waliotolewa mashambani, masufuria na vitanda vikiwa vimefungwa kwa kamba, askari wakiwa wamesimama milangoni. Sisi hatukuwa watu waliotafutwa. Tulijifunza kutazama upande mwingine, na tulijifunza haraka.

Shuleni nilikuwa na mwenzangu ambaye baba yake alipasua mbao Elburgon. Alikuja kwetu siku moja, akautazama ukuta, akaguna.

"Padri, hawa wote ni Wazungu?"

"Ni watu wa jina letu."

"Ni Wazungu. Nyinyi mnalala chini yao kama viroboto." Akatazama tena. "Mweusi peke yake ni ng'ombe."

Maneno hayo yalikaa ndani yangu kama mfupa wa samaki. Wiki chache baadaye baba alileta gazeti, na ndani yake mlikuwa na jina letu, na juu ya jina palikuwa na Mwafrika. Alikuwa amevaa koti na tai. Alitazama mbele kama mtu anayengoja kupigwa picha ya pasipoti. Gazeti lilisema kwa herufi kubwa kwamba alikuwa mkubwa wa chama cha wafanyakazi, kwamba alikuwa amekula kiapo, na kwamba alikuwa anapelekwa kizuizini. Kila upande wake palikuwa na askari.

Nataka ieleweke kwamba nilielewa kila neno. Mara nyingi nimejaribu kujitetea kwa kusema Kiingereza changu kilikuwa kichanga. Hakikuwa kichanga. Nilikuwa wa kwanza darasani.

"Huyu amefanya nini?" baba aliuliza.

"Ni kiongozi wa ushirika," nilisema. "Ushirika wa maziwa."

"Mtu mweusi?"

"Ndiyo."

Alifurahi kuliko nilivyomwona akifurahi kwa ajili ya jemadari yeyote. Nilichukua mkasi mwenyewe, nikawakata askari wakatoka, mmoja huku na mmoja kule. Lakini askari wa kushoto alikuwa amemshika yule bwana begani, na kama ningeuondoa ule mkono ningemharibu mtu mwenyewe. Nikauacha. Ulibaki pale begani, na kipande cha mkono wa shati chenye kifungo kinachong'aa, bila mwenyewe.

Baba aliupenda ule mkono. Alimbandika yule bwana karibu kabisa na Padri, akarudi nyuma kutazama. "Ona vile rafiki yake amemuita," alisema. "Kama pale kanisani."

Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Uji wa ngano ulikuwa bado haujakauka.

Sasa, ili kuingia shule ya sekondari ya kanisa, alama hazikutosha. Ilihitajika barua ya padri juu ya tabia ya mwanafunzi na nyumba anayotoka, na Padri wetu hakuandika barua juu ya nyumba asiyoiona. Alama nilikuwa nazo. Jumamosi moja asubuhi akaja kutazama nyumba.

Mama alikuwa amepiga sakafu maji mara mbili. Alikuwa ameazima vikombe kwa yule mama wa mandazi, pamoja na mandazi yenyewe. Padri aliinama mlangoni, kofia mkononi. Alisema Kiswahili cha kitabu, alichojifunza pwani kabla ya kupandishwa bara, ngeli zote zikiwa zimepigwa pasi.

"Hodi wenyeji. Nimekuja kumwona wajina wangu."

"Karibu, Padri," baba alisema. "Kiti ni hii. Hii ingine mguu yake ni mbaya."

"Padri," mama akaniambia, "mpe Padri chai."

Mzungu akacheka. "Mapadri wangapi katika chumba kimoja?" Sote tukacheka. Nakumbuka kicheko kile vizuri kwa sababu ndicho cha mwisho.

Aliuona ukuta. Alisimama na kikombe chake akaanza kuukagua, na alikuwa amefurahi kweli, siwezi kumnyima hilo. "Huyu jemadari si jamaa yangu, kwa bahati mbaya. Huyu mcheza kriketi nilimwona akicheza nilipokuwa kijana. Askofu wetu amepatwa na nini?"

"Mende, Padri," baba alisema kwa aibu.

"Na huyu ni fahali."

"Ni ya Molo. Ilipata utepe."

"Ana sura nzuri kuliko sisi sote," Padri alisema, akainuka. Ndipo alipomwona aliyebandikwa jirani na picha yake.

Aliweka kikombe chini. Alisogeza uso karibu, si kwa yule bwana bali kwa ule mkono begani. Nikajua kwamba alikuwa amesoma gazeti lile lile. Bila shaka alikuwa amelisoma. Ni nani asiyesimama kutazama jina lake?

"Huyu ni nani?"

"Huyo ni kiongozi ya ushirika, Padri," baba alisema. "Ya maziwa."

"Nani aliyekuambia hivyo?"

Baba alianza kujibu, akasita. Alimtazama Padri, kisha ukuta, kisha mimi. Hakunitazama kwa muda mrefu. Hata leo sijui aliona nini usoni mwangu, lakini kilitosha, kwa maana aligeuka akasema, "Nimesoma mwenyewe."

"Unasoma Kiingereza?"

"Kidogo."

Ndio uongo pekee niliowahi kuusikia kinywani mwake.

"Basi umesoma," Padri alisema, kila neno likitoka peke yake, "na unanitazama machoni na kuniambia maziwa. Mzee wa kanisa langu. Umemweka mtu wa viapo ubavuni pangu, ukamkata vizuri, ukawaondoa askari."

Mama alikuwa ameshika birika na hakulishusha.

Padri akanigeukia. Sauti yake ikawa laini. "Na wewe, kijana? Wewe ulijua?"

Hapa ndipo mtu angetegemea kwamba nilitetemeka, nikalia, nikapigana na nafsi yangu. Sikupigana na mtu. Niliiona ile barua kama mtu anavyoliona gari la moshi likianza kuondoka, nikarukia.

"Hapana, Padri. Mimi sikuitazama."

Aliniamini mara moja. Watu wenye vyeo huamini upesi wanachokitaka. Alibandua picha kwa ukucha, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala. "Jambo hili sitalipeleka serikalini, kwa Bwana D.O.," alimwambia baba. "Lakini hutaikaribia Meza, wala hutaita mtu, mpaka utakaposimama mbele ya Wakristo na kukiri kwamba ulijua."

Akaondoka. Mandazi yalibaki yote. Ukutani palibaki alama nyeupe yenye umbo la mtu, na mkono umeshikamana naye. Fahali hakuguswa.

Baba aliuliza, bila kugeuza kichwa, "Ile mkono ilikuwa ya nani?"

"Ya askari."

"Basi," alisema, akachukua kofia yake akaenda kazini, ingawa zamu yake ilikuwa ya mchana.

Mama alikusanya vikombe vya watu. Kuanzia siku hiyo hakuniita Padri tena. Aliniita kwa jina la kwetu, lile la babu, ambalo nilikuwa silisikii ila wakati wa kuchapwa.

Barua ilikuja siku chache baadaye, imefungwa, niipeleke shuleni. Niliifungua juu ya mvuke wa sufuria. Wasomi huanza mapema. Ilisema kwamba mimi ni kijana mkweli, mnyenyekevu, na kwamba ingekuwa jambo la huruma kuniondoa katika nyumba ambayo mkubwa wake si wa kuaminika. Niliisoma mara mbili, na ni lazima nikiri kwamba mara ya pili niliisoma kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri. Kisha nikaifunga tena kwa gundi ya baba iliyobaki kwenye kopo.

Jumapili kabla ya kuondoka, baba aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali pa waliotengwa, pamoja na akina mama wenye watoto wanaolia. Mtu mwingine, fundi wa mabehewa, alikuwa amepewa kazi ya kuita. Hakuijua. Aligonga bega kama anayebisha hodi. Aliponigonga niliinuka na benchi langu, nikaenda, nikapiga magoti, na wajina wangu akaniwekea mkate kiganjani. Nikameza. Nilipogeuka kurudi nilimwona baba kule nyuma. Alikuwa anahesabu benchi kwa macho, kuhakikisha hakuna lililorukwa.

Shuleni nilifanya vizuri. Mwaka wa pili dhamiri ilinisumbua, nikamwandikia Padri barua ya kukiri kila kitu. Niliiandika kwa Kiingereza kizuri sana. Niliirekebisha juma zima, nikaipenda mno, na badala ya kuituma nikabadilisha "baba yangu" kuwa "mtu mmoja" nikaipeleka kwa mwalimu kama insha. Ikasomwa mbele ya darasa. Watu huniuliza nilianzaje uandishi. Huwa nawajibu kitu kingine.

Likizo nilirudi landi nikamkuta baba benchi lile lile. Padri alimwita mara mbili, mama aliniambia. Mara ya kwanza alimtaka aseme alijua. Baba akasema hawezi kusema hivyo, maana hakujua. Mara ya pili akamtaka basi amtaje aliyemdanganya; baba akatazama viatu vyake. Njia zilikuwa hizo mbili tu, moja ilipita juu ya ukweli na nyingine juu yangu, na yeye akakaa chini. Kisha Padri akapandishwa cheo akaondoka Nakuru, kwenda kuwa mistari mitatu.

Nilikuwa kidato cha nne nilipoitwa nyumbani. Baba alikuwa amenyeshewa akisafisha mabehewa, kazi waliyomhamishia, na kifua kikamshinda siku ya tano. Nilimkuta amekwisha kufungwa shuka.

Kasisi mpya alikuwa Mwafrika, kijana, mpole, mwenye kuogopa kukosea. Alitupokea mimi na mama katika kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu, akafungua daftari la washiriki. Alikuta jina la baba. Kando yake, kwa mwandiko nilioujua vizuri, paliandikwa: ametengwa kwa ajili ya uongo.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini siwezi kumwingiza kanisani mtu aliyekufa akiwa nje ya Meza. Isipokuwa kama alitubu na haikuandikwa." Akanitazama, akaona koti la shule. "Ndugu, wewe umesoma, na ni mtoto wake. Alitubu?"

Nilikuwa na maneno mengi. Ningeweza kusema kwamba hakuwa na kitu cha kutubu. Ningeweza kusema ni nani aliyekuwa nacho. Lakini nilifikiria mwalimu mkuu akisikia, nikafikiria mtihani uliokuwa miezi miwili mbele, nikafikiria pia, ili nisijinyime kila kitu, mwili uliokuwa unangoja chini ya shuka na watu wa reli waliokwisha kuvaa makoti. Njia fupi ilikuwa neno moja, na neno hilo lilimfanya baba awe mwongo kweli.

"Alitubu," nilisema. "Kwangu, kwa mdomo. Likizo iliyopita."

Kasisi alishusha pumzi. Alichovya kalamu, akaandika mbele ya yale maneno ya zamani: akakiri, akasamehewa. Akakausha wino. Daftari hilo nadhani bado lipo, na mtu yeyote anaweza kulisoma, kama ile kamusi nyekundu.

Tulipotoka nje mama alisimama akafunga leso yake upya. Hakulia. Alinisogelea, akaniwekea mkono begani, akanisukuma kidogo, kama anayeita benchi.

"Haya, Padri," alisema. "Twende tumzike."